Besi yetu imetangulia: walioimba ndugu tupu, mje hapa

#1 TenaTena

Mbukwenyi wakuu.

Uzi ni mrefu. Asiye na muda apite tu, hakuna ugomvi.

Kwetu Ipagala tumezaliwa wanne, baba mmoja mama mmoja. Dada mkubwa anaimba sauti ya kwanza, kitindamimba wetu ya pili, mimi ya tatu (ndiyo tena), kaka alikuwa besi, ile ya chini kabisa. Hatujawahi kuwa bendi wala kuwa na jina. Tulianzia kwaya ya watoto, umeme ukikatika mama akawa anatupanga sebuleni tuimbe ili tusigombane, na tangu hapo tumekuwa watu wa kuitwa. Harusi Makole, kipaimara Kikuyu, msiba Chamwino. Nauli na soda, siku nyingine soda peke yake.

Kaka alifariki mwezi wa tatu. Tanga tumeshaanua na kila mtu amerudi kazini. Juzi juzi jirani akatuita kwenye sendofu ya binti yake, hatukuweza kukataa. Dada akaanzisha, sisi wawili tukaingia, tukafika ule mstari ambao kaka huwa anashuka peke yake hatua nne, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Kimya.

Hatukuwa tumepanga nani apashike. Kusema kweli hakuna aliyekumbuka kwamba pale pana kitu cha kupanga. Wageni wakadhani ni mbwembwe, wakapiga vigelegele. Dada akamaliza ubeti, akatoka nje, nikamkuta nyuma ya tangi la maji ameshikilia koki kama anataka kunawa, na maji hayatoki.

Sasa kundi la familia la WhatsApp ni vita. Dada anasema tuache, tuliimba vya kutosha. Kitindamimba anataka tumchukue kijana mmoja wa kwaya ya jirani, sauti kama jenereta la kusaga. Mimi nipo katikati. Baba ana miaka 72, anasoma meseji zote (tiki za bluu zinaonekana) na hajibu.

Kwa kuwa usingizi siku hizi siupati, nikaanza kutafuta makundi ya ndugu waliodumu, nione akiondoka mtu wao walifanyaje. Nikakwama kwa Mills Brothers wa Marekani. Wiki ya tatu hii nawasikiliza wao tu, mke wangu amechoka.

Ni ndugu wanne weusi kutoka Piqua, mji mdogo wa jimbo la Ohio: John, Herbert, Harry na Donald, wamezaliwa kati ya 1910 na 1915, yaani wanafuatana kama vidole. Baba yao, naye John, alikuwa kinyozi mwenye kibanda chake, na alikuwa na kundi lake la kuimba sauti nne. Msishangae kinyozi na nyimbo. Huko Marekani enzi hizo vibanda vya vinyozi weusi vilikuwa mahali pa kuimbia. Watu wanasubiri zamu, mmoja anaanzisha, wengine wanamtafutia sauti za pembeni. Sisi saluni zetu za Majengo zimebakiwa na drafti na ubishi wa Simba na Yanga.

Watoto wakawa wanaimba kanisani, na wakitoka shule wanasimama nje ya kibanda cha baba kuimbia wapita njia, huku wakipuliza kazuu. Waliokua kabla ya simu janja wataelewa nikisema ni ndugu wa kitana na karatasi: unafunika kitana kwa karatasi laini, unaguna juu yake, kinavuma. Siku moja wakaingia mashindano ya vipaji kwenye ukumbi wa pale mjini, wamefika jukwaani, Harry anajipapasa mfukoni, kazuu hana. Kaiacha au kaipoteza. Akakunja kiganja mbele ya mdomo, akaigiza tarumbeta kwa sauti yake mwenyewe.

Ukumbi ulipenda. Wakarudi nyumbani wakaanza kugawana vyombo kama watu wanaogawana mashamba: Harry tarumbeta ya kwanza, Herbert ya pili, Donald tromboni, John mkubwa akachukua tuba, lile dubwana la besi, na akapiga gitaa juu yake. Gitaa moja tu. Vingine vyote ni koo.

Nimejaribu hiyo ya kiganja jikoni. Ukikiachia wazi inatoka sauti ya mtu anayeita bodaboda. Ukikibana na kukifungua kidogo kidogo huku unaminya midomo, kwa mbali, kwa mbali sana, inakuja tarumbeta. Mwanangu wa miaka sita amenizidi tayari.

Wakapata redio ya Cincinnati, Duke Ellington, yule mkuu wa bendi ya jazi, akawasikia akiwa ziarani mjini humo, akawafungulia mlango wa kampuni ya sahani za muziki, na 1930 wakahamia New York. Kampuni ya redio ya CBS ikawapa mkataba. Ndio weusi wa kwanza Marekani kuwa na kipindi chao kwenye mtandao wa redio wa nchi nzima. Sahani yao ya 1931 ikavuma, lakini watu wakawa hawaamini, wanadhani kuna bendi imefichwa, ikabidi kwenye lebo yaandikwe maelezo kwamba hapa hakuna chombo chochote zaidi ya gitaa moja. Fikiria unaimba vizuri mpaka unaandikiwa hati ya kiapo.

1934 wakavuka kwenda Uingereza, wakaimba mbele ya Mfalme George wa Tano na Malkia Mary. Huko huko John mkubwa, mwenye besi na gitaa, akaanza kuumwa. Mwanzoni mwa 1936 akafariki. Alikuwa na miaka 25.

Hapa ndipo nilipozima simu usiku ule. Nikaiwasha tena.

Wale watatu walitaka kuacha. Mama yao akawaambia kaka yenu angependa muendelee. Gitaa wakampa mtu wa nje, Norman Brown. Lakini sauti ya chini, ile tuba, akaja kuisimamia baba yao, yule kinyozi. Mtu mzima wa miaka zaidi ya hamsini anavaa suti inayofanana na ya wanawe, anasimama pale alipokuwa anasimama mwanawe aliyemzika, anaimba alichokuwa anaimba mwanawe. Akafanya hivyo miaka 21, mpaka 1957.

Swali langu, wakuu, si la kujua Mills Brothers walikuwa hodari kiasi gani. Nataka kujua yule mzee aliwezaje. Na je, mimi nikimwomba baba yangu, nitakuwa namtesa?

Waliowahi kuimba ndugu tupu, karibuni. Naomba kuwasilisha.

#2 Zabibu Chungu

Naweka kambi hapa. Poleni sana mkuu.

#3 Msafiri wa Treni

Uzi mrefu kuliko reli. Nimeusoma kuanzia Morogoro, nimefika Dodoma nikiwa kwa Malkia Mary. Pole kaka.

Ushauri wangu, mchukueni huyo jenereta. Muziki ni kazi. Fundi wa saiti akifa, jengo linapata fundi mwingine.

#4 Mwalimu Solfa

Kijana, pole kwa msiba. Nimefundisha kwaya Kongwa na Mpwapwa zaidi ya miaka thelathini, niruhusu nimjibu huyo wa treni kwanza.

Ndugu hawaungani sauti kwa sababu ya upendo. Nimefundisha ndugu wasiosalimiana na wakiimba unadhani ni mtu mmoja mwenye vifua vinne. Sababu ya kwanza ni maumbile, mdomo na koo vimefanana. Ya pili ndiyo kubwa zaidi kwa maoni yangu, nayo ni irabu. Watoto waliokulia meza moja wanatamka "a" moja. Mgeni anakuja na "a" ya kwao. Sikiliza kwaya yoyote iliyokusanywa wiki iliyopita waimbe "Bwana": utasikia "a" nne, moja ya Kondoa, moja ya Manyoni, moja ya Moshi, na moja sijui katoka nayo wapi. Noti zote ni sahihi na wimbo umechafuka.

Ya tatu ni pumzi. Ndugu wanajuana nani atakata pumzi wapi bila kuangaliana.

Huyo jenereta anaweza kufundishika. Ila msimpime kwa uzito wa sauti. Mwambieni aimbe neno moja, "salama", polepole, pamoja na dada yenu peke yake. Mkisikia watu wawili, itachukua mwaka.

Swali la baba yako sina jibu lake.

#5 Msafiri wa Treni

Mwalimu nimekuelewa. Nimeimba "salama" hapa behewani, jirani yangu amehama kiti.

#6 Zabibu Chungu

Mimi naona watu wanakimbilia Ohio wakati mambo haya yapo hapa hapa. Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, kazaliwa kijiji cha Doduma. Mwalimu Nyerere akamwita Dar 1967, akaja kuweka makazi Bagamoyo, akazunguka dunia na zeze na ilimba (marimba ya kupigwa kwa vidole gumba) pamoja na mpwa wake Charles. Mzee akafariki Desemba 2003. Mwaka uliofuata Charles naye. Watu wakasema imeisha.

Haikuisha. Watoto na wajukuu waliendelea, na 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu wa mzee, wametoa albamu yao wenyewe kwa lebo ile ile ya Uingereza iliyokuwa inatoa kazi za mzee. Wanawake, ambao zamani walikuwa nyuma wanaitikia, sasa wako mbele.

Na sisi Wagogo kuachana sauti hatukufundishwa na mmisionari. Nenda kasikilize wanakijiji wakiimba jioni, mmoja anapita juu, mwingine chini yake kwa nafasi ile ile, wanasafiri hivyo hivyo mpaka mwisho. Bibi yangu hajui do wala re na hakosei.

Kwa hiyo mkuu, nafasi ya kaka si lazima ijazwe na dume. Mna watoto wa kike?

#7 TenaTena

@Zabibu Chungu umenikamata, ni kweli. Zawose nawafahamu tangu utotoni, sijui kwa nini akili haikunipeleka huko. Labda kwa sababu ni wa nyumbani, nilitaka mtu wa mbali ambaye siwezi kukutana na jamaa yake sokoni Sabasaba.

Watoto wa kike wapo, wa dada. Mkubwa ana miaka kumi na moja. Besi tutaisubiri sana hapo.

@Mwalimu Solfa shikamoo. Ya "salama" tumeijaribu jana na yule kijana. Ana heshima na anajua noti. Kwenye "la" ya katikati tukasikia watu wawili. Kitindamimba kanuna, anasema tumemwekea mtihani ili afeli.

#8 Bibi Kanda

Wanangu hamjambo. Mimi mstaafu, nyumba yangu ina kanda za kaseti tangu enzi za redio ya kupigwa makofi ndipo iseme.

Bee Gees mnawajua, wale ndugu watatu, Barry, Robin na Maurice. Maurice alipofariki Januari 2003 hakutafutwa mtu wa kukaa mahali pake. Wale wawili waliobaki walikuwa na sababu yao, marehemu alikuwa pacha wa Robin. Huwezi kumwambia mtu nakutafutia pacha mwingine.

Na kwenye ugomvi, ndugu huweza kuharibikiwa wakiwa hai wote. Everly Brothers, Don na Phil, sauti mbili tu lakini zimekaa pamoja kama chai na maziwa. Julai 1973 wako jukwaani California, Don hayuko sawa, anakosea, Phil akavunja gitaa lake akaondoka. Miaka kumi hawakuimba pamoja. Katikati hapo baba yao akafariki, wakakutana msibani, kila mtu akashika njia yake. 1983 ndipo wakaimba tena, London. Kwa hiyo nyie mnaogombana kwenye WhatsApp mshukuru, hamjavunja gitaa.

Mwanangu, usimwombe baba yako kwenye kundi la simu. Mzee haombwi kwa meseji. Nenda ukae naye.

#9 Drafti Majengo

Mimi ni kinyozi na nimeumizwa na ile kauli ya ubishi wa Simba na Yanga. Ni kweli lakini imeniuma.

Halafu mkuu siku hizi kuna teknolojia, kaka yako ana rekodi zake si ndiyo? Studio wanamchopoa besi, mnaimba juu yake. Tatizo limekwisha.

#10 TenaTena

@Drafti Majengo samahani fundi, nitakuja kunyoa.

Hiyo tulishaijaribu. Hatukusema kwa dada. Mimi na kitindamimba tulikwenda studio moja hapa mjini, jina nalihifadhi, tukiwa na rekodi ya simu ya harusi moja. Prodyuza akahangaika nayo jioni nzima, akamtoa kaka, akamsafisha, tukavaa visikilizio tukaimba juu yake. Alitutoza hela ya nusu siku na akatuchekea kwamba besi "inayumba", akaomba ainyooshe kwa mashine. Tukamkatalia.

Shida haikuwa kuyumba. Kaka alikuwa anatusubiri. Dada akivuta mwisho wa mstari, kaka anachelewa kushuka, anaangalia mdomo wake. Rekodi haimsubiri mtu. Ilishuka sisi tukiwa bado juu, kila tulipojaribu. Tukawa tunamkimbiza marehemu. Kitindamimba alivua visikilizio akaviweka mezani polepole sana, tukalipa, tukaondoka.

Ile faili bado ninayo. Siifungui.

#11 Mkongoto

Watu wazima mnaliana liana kwenye intaneti. Kumrundikia mzee wa miaka 72 besi ya mwanawe aliyekufa ni ukatili, tuite kwa jina lake. Huyo kinyozi wa Marekani alikuwa na njaa, kulikuwa na mkataba wa redio, pesa ilikuwa inaita. Nyie mnalipwa soda. Acheni mzee apumzike.

#12 TenaTena

@Mkongoto umeniuma lakini nimerudia kusoma mara tatu, kuna ukweli ndani. Pesa ilikuwepo, sibishi. 1936 kwa familia nyeusi Marekani, hali ngumu ya uchumi kila kona, kuacha kipato kile si jambo dogo.

Ila pesa haielezi miaka 21. Na hawakuwa juu muda wote. Walikuwa kwenye ziara za nje, wakirudi nyumbani wanakuta Ink Spots, kundi jingine la waimbaji weusi, wameshika soko. Februari 1942 wakarekodi wimbo mmoja wa polepole, ukawekwa upande wa pili wa sahani, upande ambao hakuna anayeujali. Mwaka uliofuata upande huo huo ukakaa namba moja wiki 12 na inatajwa uliuza nakala zaidi ya milioni sita. Sikilizeni pale katikati mwendo unapobadilika. Mwanzo unakwenda kama mzigo wa punda, halafu ghafla unachangamka, na kule chini kuna mtu anasukuma. Mzee huyo. Alikuwa na miaka sitini. Ile si sauti ya mtu anayelazimishwa, au mimi nasikia ninachotaka kusikia.

Jambo jingine nililoligundua: hawakung'ang'ania mlio wa kwanza. John alipokufa, vyombo vya mdomoni vikaanza kupungua kidogo kidogo, maneno yakaongezeka, wakawa waimbaji wa taratibu. Vita vikamchukua Harry jeshini, wakamweka mtu wa nje, Gene Smith, mpaka aliporudi. 1952 wakaimba na bendi nzima nyuma yao, wale wale walioandikiwa kwenye lebo kwamba hakuna chombo, na wakashika namba moja tena. Baba alipochoka 1957 hawakutafuta wa nne. Wakabaki watatu, wakapanga upya kwa watatu, na 1968 bado walikuwa na wimbo kwenye chati.

Naona kosa letu sisi lilikuwa kutafuta mtu wa kutoa mlio wa kaka. Akina Mills walijaza kiti, mlio wakauacha uende na mwenyewe. Dada sijamwambia hili bado kwa sababu nikimwambia atasema nimesoma sana mitandaoni.

#13 Mwalimu Solfa

Hapo umenena. Nikiongeza: zamani mliimba kipaza sauti kimoja au kila mtu na chake?

#14 TenaTena

Kimoja, mwalimu. Dada mbele, sisi pembeni, kaka nyuma hatua moja na nusu. Alikuwa anahesabu kwa kiatu.

#15 Mwalimu Solfa

Ndivyo walivyokuwa wanafanya hao wa redio. Mizani ilikuwa miguuni. Mwenye sauti nene anarudi nyuma, mwenye nyembamba anasogea, hakuna fundi mitambo wa kukuokoa. Basi mkimweka mtu yeyote pale, baba au jenereta, msimweke kwenye alama ya kiatu cha kaka. Mpeni asimame anapoona panamfaa. Ni jambo dogo lakini nimeona kwaya ikivunjika kwa sababu ya mahali pa kusimama.

#16 Bibi Kanda

Wale akina Mills mimi nawakumbuka wakiwa wazee. 1976 walifanyiwa sherehe ya miaka 50 Los Angeles, mwimbaji Bing Crosby akiwa mwenyeji. Harry yule wa tarumbeta kisukari kilikuwa kimeshamla macho, akawa anapapasa kuingia jukwaani. Alifariki 1982, Herbert 1989. Donald mdogo akabaki, akazunguka na mwanawe wa kumzaa, ambaye jina lake nani? John. Jina la babu na la baba mkubwa. 1998 wakapewa tuzo ya heshima ya Grammy, na mwaka uliofuata Donald naye akapumzika.

TenaTena, ulikwenda kwa baba?

#17 Drafti Majengo

Tunasubiri mrejesho mkuu. Hapa kibandani nimewasimulia wateja, wamegawanyika nusu kwa nusu, drafti imesimama.

#18 Msafiri wa Treni

Nakazia. Mrejesho.

#19 TenaTena

Wakuu samahani kwa ukimya, wiki mbili zimepita. Mrejesho huu hapa.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Sikuanza na habari ya kuimba. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikakaa, nikapukuchua naye debe zima. Nikamsimulia Mills Brothers kuanzia kazuu. Alicheka sana pale Harry anapojipapasa mfukoni. Nilipofika 1936 akaacha kupukuchua. Akauliza swali moja tu: "Huyo mzee, kabla ya hapo alikuwa anaimba?" Nikamwambia ndiyo, alikuwa na kundi lake mwenyewe, wao walijifunza kwake. Akasema, "Basi hakuchukua cha mtoto." Akaendelea kupukuchua.

Mimi nikadhani mazungumzo yamekwisha.

Jumatano tuko mazoezini sebuleni kwa dada (ndiyo, dada alikubali tufanye mazoezi, alisema mazoezi si kuimba), mlango ukagongwa, baba. Kabeba kiti chake cha kamba kutoka nyumbani, kwenye bajaji, kilomita mbili. Dada akamwamkia, akamletea maji, hakuna aliyesema neno. Akaweka kiti mbele, si nyuma. Mbele kabisa, karibu na dada, upande wa dirisha. @Mwalimu Solfa nilikukumbuka, nikakaa kimya.

Tukaimba ule ule wa sendofu. Sauti yake imekauka, ina mchanga ndani, pumzi haifiki mwisho wa mstari. Lakini "a" yake, mwalimu! Ni hiyo hiyo. Nilikuwa sijui kumbe ya kwetu sote ilitoka pale. Mama alitupanga, ila matamshi ni ya huyu mzee.

Tukafika kwenye ngazi. Kaka alikuwa anashuka do, ti, la, mpaka so ya chini. Baba akashuka tatu, do, ti, la, na ya nne akapanda, akaenda kuichukua so ya juu, nyepesi, karibu imguse dada. Dada alitetereka kidogo akaendelea. Tukaenda mpaka mwisho wa wimbo. Kitindamimba akasema, "Baba tushushe au tupandishe ufunguo, upate ya chini vizuri?" Akajibu, "Ya chini sina." Tukarudia mara tatu, mara zote hivyo hivyo, hatua tatu kwenda chini na moja kwenda juu.

Jumapili ijayo tuna harusi Nzuguni. Yule kijana jenereta tumemwomba radhi na kitindamimba ndiye aliyempelekea ujumbe, wameelewana. @Mkongoto, mzee analipwa soda, lakini amesema yeye anataka maji ya uvuguvugu.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Leo alfajiri nimepita kwake kumpelekea dawa, nikamkuta bustanini ananyweshea mchicha, hajaniona, anaguna ule wimbo peke yake. Alipofika kwenye ngazi akashuka zote nne. Ya chini aliigusa vizuri tu, tena akaikalia mpaka ndoo ikaisha maji.

Sijamwambia mtu zaidi yenu. Nilirudi mpaka getini, nikabisha hodi kwa nguvu.